Mizigo Iliyofika Chamazi

Sajenti Demetria Komba aliingia kwenye ghala la Swala Ekspresi, Chang'ombe, wakati madereva wakipakia mizigo ya asubuhi. Kila mmoja alielekeza simu yake kwenye kibandiko cha kifurushi, chenye jina na namba ya simu ya mteja, simu ikalia, kifurushi kikaingia kwenye boksi la rangi ya chungwa nyuma ya pikipiki. Hakuna aliyeuliza kitu. Simu ndiyo iliyowaambia waende wapi na waanze na nani.

Meneja wa tawi, Hope Lusungu, alitoka ofisini na kikombe cha chai.

"Afande, karibu. Nilidhani nyie mmeshamaliza."

"Bado."

"Lakini Mbwana si mnaye?"

"Tunaye. Nionyeshe tena safari ya Edgar."

Hope alimgeuzia kompyuta. Edgar Massawe, dereva wa Swala, alikuwa ametoka ghalani baada ya adhuhuri na mizigo ya Chamazi. Miwili ya mwanzo ilikuwa na alama ya kijani. Baada ya hapo kitone kilichoonyesha simu yake kilisimama kwenye barabara ya mchanga nje kidogo ya makazi, hakikusogea tena. Mizigo iliyobaki yote ilikuwa myekundu. Dereva wa bajaji ndiye aliyemfikisha Edgar kituo cha afya akiwa hana fahamu, na tangu hapo alikuwa amelazwa hospitali bila kufumbua macho. Polisi walipofika barabarani walikuta pikipiki imelala na boksi tupu.

"Mfumo unajuaje kama mzigo umefika?" Demetria aliuliza.

"Mteja anatumiwa namba kwa meseji. Dereva akifika anatajiwa zile namba, anaziingiza kwenye simu. Hakuna namba, mzigo haujafika. Ndiyo maana watu wanatuamini sisi kuliko wale." Hope alinyoosha kidevu kuelekea dirishani. Ng'ambo ya barabara, chini ya turubai, wafikishaji wa kijiwe walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao bila kazi.

"Katika hawa wa rangi nyekundu, wamelalamika wangapi?"

Hope alinywa chai kwanza. "Kusema kweli, bado."

"Hata mmoja?"

"Watu wa Chamazi wana subira, afande."

"Mmewapigia?"

"Tuliwatumia meseji ya kuwaomba radhi. Mfumo unatuma wenyewe."

Demetria aliomba majina na simu za wateja. Hope alisema hayo ni mambo ya makao makuu. Demetria akatoa hati yenye mhuri wa kituo, akaiweka karibu na kikombe. Hope aliisoma yote, kisha akawasha mashine ya kuchapa.

Faili lilikuwa linaelekea upande mmoja. Mbwana Pazi, mwenyekiti wa kile kijiwe cha ng'ambo, alikuwa amemwambia Edgar mbele ya watu kwenye kituo cha mafuta, "Siku ukianguka, nitakupita kama sijakuona," na mtu alikuwa amemrekodi kwa simu. Muuza duka mmoja alikuwa ameiona pikipiki ya Mbwana ikitoka Chamazi alasiri ile. Koti lake lilikutwa na damu mkononi, naye akasema ni ya samaki. Majibu ya maabara yalikuwa hayajarudi, wala kumbukumbu za simu. Hata hivyo Inspekta Elinaza, mkuu wa upelelezi, alitaka jalada liende kwa mwanasheria wa serikali siku hiyohiyo kwa kosa la unyang'anyi wa kutumia silaha. Kosa hilo halina dhamana. Mtu akiingia nalo mahabusu, huenda akatoka wanawe wakiwa na wajukuu.

Demetria alivuka barabara.

Dereva wa Swala alipita mbele yake na boksi lake. Kutoka chini ya turubai mtu alilia kama mbuzi, "Meee!" na kijiwe kizima kikacheka.

"Eti swala," mmoja akasema. "Mie naona mbuzi tu kavalishwa boksi."

Mwishehe, katibu wa kijiwe, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, aliwanyamazisha kwa mkono.

"Shikamoo mzee," Demetria alisema.

"Marahaba, mwanangu. Umetuletea mwenyekiti wetu, au umekuja kutusomba na sie?"

"Nimekuja kuuliza. Mwenzenu akianguka njiani na mzigo, mnafanyaje?"

"Swali gani hilo la kipolisi?"

"Nijibu tu, mzee."

Mwishehe alijikuna ndevu. "Wa kwanza kufika anamtafutia usafiri wa hospitali. Akishaondoka, anachukua mzigo anaupeleka. Ndugu zake wataambiwa baadaye. Mteja hajui kama umevunjika mguu, anajua mzigo wake uko wapi. Ukichelewa leo, kesho anampigia mwingine."

"Na akianguka wa Swala?"

Vicheko vilikatika.

"Huyo ana kampuni," Mwishehe alisema.

"Apigiwe Hope!" mmoja akadakia, na wengine wakacheka tena, si kwa nguvu kama mwanzo.

"Tulikula kiapo hapa," Mwishehe aliendelea. "Atakayegusa mzigo wa Swala, hata kwa kumsaidia mtu, si mwenzetu. Mwenyekiti ndiye aliyekileta. Huyu Edgar alimfundisha mwenyewe, kumpanga mteja, kumtuliza mteja, mpaka vichochoro. Halafu jamaa akavuka barabara, akaenda Swala. Ilimuuma. Lakini kumpiga mtu, afande? Mbwana ni mdomo tu. Akishakutishia, ujue ameshamaliza."

Pembeni, mbali na turubai, mwanamume wa makamo alikuwa anaosha pikipiki za watu. Hakuwa na kizibao cha njano kama wenzake. Jina lake Demetria alikuwa amelisoma kwenye faili; alimfuata.

"Wewe ndiye Anselmo?"

"Ndiyo. Ila mie si wa kijiwe. Niulize habari za sabuni."

"Ulikuwa wa kijiwe."

"Nilikuwa." Aliendelea kusugua rimu. "Dereva wa Swala alipata pancha pale Yombo. Akaniomba, braza, nisogezee hiki kifurushi, bibi wa watu anasubiri. Nikakipeleka. Mwenyekiti alipojua, alinivua kizibao hapa, mbele ya kila mtu."

"Unamchukia?"

"Ningemchukia, ningeshakuambia nilimwona Chamazi."

"Ulimwona?"

"Sikwenda huko siku ile. Nilikuwa naosha." Alimwaga maji ya ndoo, akarudi kazini.

Barabara ya Chamazi ilikuwa nyembamba, imechimbwa na malori ya mchanga yanayopita kutwa. Demetria alisimama mahali ambapo Edgar alikutwa, akafungua picha za eneo la tukio. Kwenye picha, doa la damu lilikuwa katikati. Mbele yake, hatua za kutosha, palikuwa na matawi mabichi ya mwarobaini. Nyuma yake pia, matawi mengine. Askari aliyeandika taarifa aliyaita takataka. Sasa yalikuwa yamekauka, yamesukumwa kando na matairi.

Konstebo aliyemwendesha alichungulia picha.

"Wewe gari likikuharibikia barabarani unafanyaje?" Demetria alimuuliza.

"Naweka majani mbele na nyuma, afande, wasije wakanivaa."

"Na mnyang'anyi akishamwangusha mtu, anaweka majani ya nini?"

Demetria aliukagua mwarobaini wa karibu. Matawi ya chini yalikuwa yamevunjwa kwa mkono, magome yakining'inia.

Dereva wa bajaji alikuwa ameshaeleza kwamba mtu wa bodaboda, mwenye helmeti na kitambaa cha vumbi usoni, ndiye aliyemsimamisha na kumsaidia kumpakia majeruhi, kisha akabaki. Inspekta alikuwa ameyapigia mstari maneno mawili tu: "kisha akabaki."

Jina la kwanza kwenye orodha ya Hope lilikuwa la Mwajabu Salumu. Alikuwa fundi cherehani, anashona sare za shule barazani kwake. Demetria alisalimia, akajitambulisha, akauliza kuhusu mzigo kutoka Swala.

"Mbona nimeupata?"

"Lini?"

"Si siku ileile waliyosema! Mota ya cherehani. Hii hapa inafanya kazi." Alikanyaga pedali, cherehani ikaunguruma. "Kwani vipi?"

"Kampuni inasema haukufika."

"Ndiyo wao walionitumia meseji ya kuniomba radhi? Mie nikajua matapeli, nikaifuta."

"Aliyeuleta alikuomba zile namba?"

"Hakuomba. Alinipigia, akasema, 'Mama, nipo hapa kwenye mashine ya kusaga, geti lako la rangi gani?' Nikatoka. Nikamwambia, hizi namba zako nikusomee? Akasema, 'Namba za nini mama, si wewe ndiye Mwajabu?' Akanipa, akaondoka. Kwa kweli alinifurahisha. Yule wa kila siku hapigi simu, anakaa nje anasubiri meseji initoe ndani."

"Alikuwaje?"

"Kachafuka vumbi. Na damu hapa mkononi. Nikamuuliza, baba, umeumia? Akasema si yangu, ya mwenzangu."

"Namba aliyokupigia bado unayo?"

"Nimeihifadhi kabisa. Mtu kama huyo utampoteza?" Alitafuta kwenye simu, akamwonyesha. Alikuwa ameandika: Boda Mzuri.

Demetria alilinganisha na faili. Ilikuwa namba ya Mbwana Pazi.

Alizunguka kwa wateja wengine mpaka wakaisha. Fundi simu alikuwa amepata vioo vyake. Mwalimu alikuwa amepata viatu, tena ameshavivaa. Wote walipigiwa na namba ileile, na hakuna aliyeombwa kusoma chochote. Huko Chang'ombe, kwenye kompyuta ya Hope, mizigo hiyo yote ilikuwa bado myekundu.

Simu ya Inspekta Elinaza ilimkuta akirudi kwenye gari.

"Massawe amefariki," alisema. "Hospitali wamepiga sasa hivi. Jalada linabadilika, Demetria. Ni mauaji."

Demetria alisimama. "Hakuna unyang'anyi, afande. Mizigo yote iko kwa wenyewe. Mbwana ndiye aliyeipeleka, kwa simu yake mwenyewe."

"Basi umeniwekea mtuhumiwa kwenye eneo la tukio. Vizuri."

"Aliweka majani barabarani. Alimsimamishia bajaji."

"Alimwangusha, akaogopa, akajifanya msamaria. Nimewaona wengi. Una kingine?"

"Naomba niongee naye kwanza."

"Kabla sijafunga ofisi. Halafu jalada linaondoka kama lilivyo."

Uani mwa kituo pikipiki ya Edgar ilikuwa imeegeshwa ukutani. Demetria alichuchumaa nyuma yake. Boksi la chungwa lilikuwa limebonyea upande wa kulia, juu, na kwenye bonyeo hilo palikuwa na mkwaruzo mnene wa rangi ya bluu, juu kuliko usukani wa pikipiki yoyote. Kufuli la boksi lilikuwa zima. Mtu alikuwa amelifungua kwa ufunguo, na ufunguo bado ulikuwa unaning'inia. Pikipiki ya Mbwana ilikuwa jirani yake, nyekundu, haina hata mkwaruzo.

Mbwana aliletwa chumba cha mahojiano akiwa peku. Alikuwa mrefu, amekondeana tangu alipoingia. Alikaa, akaweka mikono mezani.

"Shikamoo, kaka Mbwana."

"Marahaba."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Tuanze upya. Siku ile ulikuwa wapi?"

"Nilishasema. Mbagala, na abiria."

"Abiria gani?"

"Abiria ni abiria. Siwaulizagi majina."

"Simu yako ilikuwa na nani?"

"Niliiazimisha."

"Kwa nani?"

Mbwana aliangalia ukuta.

"Mama Mwajabu wa Chamazi anakusalimu," Demetria alisema. "Anasema mota inafanya kazi vizuri."

"Mota?" Mbwana aligeuka. "Ilikuwa mota? Mie nilidhani pasi, kwa ule uzito."

Kisha akasikia alichosema. Aliondoa mikono mezani, akaiweka mapajani.

Demetria hakuandika. "Nimewazungukia wote," alisema. "Kila mmoja ana mzigo wake. Ungeniambia tangu mwanzo, usingelala hapa hata usiku mmoja. Kwa nini ulikana?"

"Sina la kusema."

"Kwa sababu ya kiapo?"

"Nimesema sina."

"Kaka, kuna jambo inabidi nikuambie." Alisubiri mpaka Mbwana akamtazama. "Edgar amefariki leo."

Nje mtu alikuwa anajaribu kuwasha gari la kituo, linakoroma na kuzima. Lilipowaka, Mbwana alivuta pumzi.

"Hakuamka kabisa?"

"Hakuamka."

"Nilikuwa namsubiri." Alifuta uso kwa kiganja. "Nilijua akiamka atasema mwenyewe. Alipokuwa amelala pale alinitambua, afande. Aliniambia, 'Kaka, mizigo.' Sio mguu, sio kichwa. Mizigo. Mie ndiye niliyemfundisha hivyo. Nikajua huyu ataamka, ataeleza lori lililomgonga, mie nitatoka, na kijiwe hakitajua kama niliigusa. Ningekaa hapa hata mwezi, nikimsubiri."

"Lori?"

"Nimebaki mie peke yangu niliyeliona. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na nikisema nililiona, lazima niseme nilikuwa pale. Na nilifanya nini pale."

"Lazima."

Mbwana alitikisa kichwa taratibu. Demetria alichukua karatasi ya maelezo, akaandika jina na tarehe, kisha akamsomea haki zake, kama alivyowasomea wengine wengi: hakuwa analazimika kusema, lolote atakalosema lingeweza kutumika mahakamani, na angeweza kuwa na ndugu, rafiki au wakili wakati akiandikwa maelezo.

"Unamtaka mtu?" alimalizia. "Mkeo yupo getini. Mzee Mwishehe naye amekuja."

"Muite Anselmo."

"Anselmo muosha pikipiki?"

"Huyohuyo."

Konstebo alitumwa Chang'ombe. Anselmo alipoingia, suruali yake ilikuwa imelowa mpaka magotini. Alisimama mlangoni mpaka Demetria alipomwonyesha kiti. Mbwana naye alisubiri akae ndipo akaanza, na alisema akimtazama yeye, si afande.

"Edgar amekufa. Aligongwa na lori Chamazi. Nilimpeleka abiria kule, narudi, nikaona lori linatokea nyuma yake, likamgonga ubavuni, likapita. Nilimpakia kwenye bajaji. Halafu nilichukua ufunguo wake, nikafungua boksi, nikapeleka mizigo ya Swala."

"Mingapi?" Anselmo aliuliza.

"Yote."

"Mie nilibeba mmoja."

"Najua."

"Mmoja, mwenyekiti. Wa bibi."

"Najua, Anselmo. Ndiyo maana nimekuita wewe. Watu wa getini nitawaambia nikitoka, au wataambiwa. Lakini ulistahili usikie kwanza, tena kwangu."

Maji ya suruali ya Anselmo yalikuwa yameanza kutengeneza kidimbwi chini ya kiti. Demetria alishika kalamu bila kuandika.

"Sasa hilo lori," Anselmo alisema hatimaye. "Mweleze afande. Mimi utanieleza siku nyingine."

Mbwana alieleza. Lori la mchanga, kichwa cha bluu, taa ya kushoto haina kioo. Mlango wa nyuma ulifungwa kwa mnyororo, na maturubai yake yalikuwa ya kijani. Halikuwa na haraka; lilikuwa linampisha mtu mwingine, likamfinya Edgar pembeni. Dereva alipunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani, akaona, akaongeza mwendo. Namba za usajili Mbwana hakuzishika zote kwa sababu ya vumbi, lakini tatu za mwisho alizitaja. Lori lilikata kulia kwenye njia ya machimbo ya mchanga.

"Huyo dereva ukimwona utamtambua?"

"Alinitazama machoni."

"Na mahakamani utasema kama ulivyosema hapa? Watakuuliza ulikuwa unafanya nini pale. Kijiwe kizima kitakuwa kimekaa nyuma yako."

"Nitasema."

Demetria aliandika mpaka mwisho, akamsomea. Mbwana alisahihisha jambo moja: hakuwa amesema boksi la mbuzi, alisema boksi la Swala. Konstebo alicheka, akajizuia. Kisha Mbwana akaweka sahihi.

Karatasi ikageuzwa kwa shahidi. Anselmo aliisoma yote polepole, midomo ikimchezacheza, hata mahali ambapo jina lake lilitajwa pamoja na kile kifurushi cha bibi. Demetria alimwonyesha pa kujaza: jina, makazi, kazi, sahihi.

Jina aliandika. Makazi aliandika Yombo. Kwenye kazi kalamu ilisimama. Alimtazama Mbwana, na Mbwana hakuyaondoa macho.

Anselmo aliinama, akaandika: Mfikishaji mizigo.

Demetria aliichukua karatasi na kwenda nayo kwa Inspekta Elinaza, ambaye alikuwa ameshaanza kufunga madirisha.